Kakuma: Gari la Nyumba na Dhahabu ya Mke



Mtu wa Pwani anayetaka kujua thamani ya gari na aende Turkana. Hapa kwetu mgonjwa akizidiwa usiku, tuktuk ipo mtaa wa pili na hospitali haiko mbali. Huko mambo ni mengine. Ukitoka Kitale unaiacha baridi na mashamba ya mahindi, barabara inateremka kupita milima ya Marich, kisha nchi inafunguka mbele yako, tambarare, kavu, na upepo wake ni wa tanuri. Unapita Kainuk, unapita Lokichar ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2012, na baada ya kilomita 300 hivi unaingia Lodwar kando ya mto Turkwel. Wakoloni walimleta Mzee Jomo Kenyatta mji huu mwaka 1959, alipomaliza kifungo chake cha Lokitaung, kwa kuwa waliona umbali peke yake unatosha kuwa kufuli. Kutoka hapo zimebaki kilomita 120 kufika Kakuma.

Wageni kadhaa wameandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii hatujapata kulisikia neno hilo, na wala si kweli kwamba hapo si popote. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotoka vitani Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, ina watu zaidi ya laki mbili. Katika soko la Wasomali na la Wahabeshi utapata kitenge, tende, simu na unga wa ngano. Adhana inasikika, na Kiswahili kinasikika pia, kile cha Wakongo na Warundi, kitamu kwa namna yake ingawa wakati mwingine tulilazimika kuuliza mara mbili.

Tulikwenda kumzuru kijana wetu, aliyesoma kwetu chuoni tangu alifu, na sasa ni mwalimu wa shule huko. Anaishi mjini Kakuma na mkewe, binti wa Mombasa, na watoto watatu. Mkewe ni mshonaji: hushona sare za shule na madira, akapeleka Kalobeyei kwa bodaboda, mzigo mgongoni. Mtoto wao wa pili ana pumu. Mwaka jana alibanwa usiku, zahanati ikawaandikia waende hospitali kubwa ya Lodwar, nao wakabaki barabarani kutafuta gari la kukodi. Mwenye gari alipoliona hitaji lao akataja bei ya hitaji lao. Mtoto alipona, alhamdulillah, lakini tangu usiku ule neno la gari halikutoka tena midomoni mwao. Tulipofika walikuwa na shilingi 280,000, akiba ya miaka minne pamoja na zamu ya mume katika mchezo wa walimu wenzake. Wanawake wa Kisomali sokoni wana mchezo kama huo, wao huuita hagbad: kila mmoja hutoa kiasi kile kile, kila mwezi mmoja hupokea, hapana nyongeza, hapana riba.

Fikira ya kwanza ya mume ilikuwa kuagiza gari kutoka Japani, kwa kuwa ndugu yake yuko bandarini Kilindini. Tukalihesabu. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo yale mazee ya bei nafuu hayapiti. Likipita, ushuru wa forodha tangu 2023 ni asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa, na juu ya vyote hivyo VAT ya asilimia 16, kila mmoja ukihesabiwa juu ya bei iliyokwisha kupandishwa na uliotangulia. Tena Mamlaka ya Mapato haihesabu kwa bei uliyonunulia, huhesabu kwa orodha yake yenyewe na kupunguza kulingana na umri wa gari. Mwenye laki mbili na elfu themanini hana haja ya kuisoma hesabu hiyo hadi mwisho.

Basi likabaki gari lililokwisha kutumika humu nchini. Mume alitamani Noah, viti saba, ili Idi ikifika wateremke Mombasa na watoto wajinyooshe, na wajomba wapakiwe. Mkewe alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza Idi ni siku ngapi katika mwaka. Injini ya Noah ni ya 2000, na petroli ya Kakuma imekwisha kulipa nauli ya kutoka mbali kabla hujaiona. Wao ni watu watano. Katika njia ya Lodwar na Kakuma gari linalokimbia kutwa ni Probox, la injini ya 1300 au 1500, na hilo si kwa urembo wake, maana halina. Viti vya nyuma ni vigumu kama mbao za chuoni. Lakini kila fundi wa Lodwar analijua kwa macho yaliyofumbwa, na vipuri vyake vinapatikana hata dukani kwa muuza sukari. Katika nchi ya joto lile, inayochemsha rejeta na kuua betri, na yenye miba ya mathenge inayotoboa tairi kama sindano ya gunia, gari jema ni lile ambalo fundi wake yuko karibu.

Lililobaki ni malipo, na hapo ndipo tulipoketi muda mrefu.

Mume alikuwa ameletewa mkataba na yadi moja, hatutaitaja: toa laki mbili na nusu, zilizobaki ulipe kwa miezi 24. Watu wengi hudhani kila malipo ya pole pole ni riba, na wengine hudhani hakuna riba maadamu kuna gari. Yote mawili si sahihi. Kuuza kwa bei ya mkopo iliyo juu ya bei ya taslimu kunajuzu kwa jamhuri ya wanazuoni, kwa sharti bei iwe moja, ijulikane katika kikao kile kile, na isiongezeke tena. Muuzaji akisema taslimu ni hii na mkopo ni hii, mkaachana bila kuchagua, hayo ndiyo mauzo mawili ndani ya mauzo mamoja yaliyokatazwa. Na mkataba ule, tulipoufikia ukurasa wa tatu, ulisema mwezi ukichelewa deni litaongezwa, na nyongeza nayo itaongezewa. Hilo halikuhitaji kitabu. Tukaukunja.

Tuliwaeleza pia habari ya murabaha, kwa kuwa tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia. Benki hulinunua gari kwanza likawa lake kweli kweli, ndipo ikamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, alipe kwa mafungu yasiyobadilika. Tunaipendekeza kwa mwenye mshahara usiotetereka, naye aulize swali moja kabla ya kutia sahihi: je, benki imelimiliki gari hili kabla ya kuniuzia, au imenipa fedha tu na kuzivisha kanzu? Lakini mwalimu wetu alikuwa akiwalipia ada wadogo zake wawili, na fungu la kila mwezi kwa miaka miwili lingemkaba shingo.

Mkewe alikuwa jikoni akikaanga mahamri, na kila neno alilisikia. Akaja akaketi mkekani, akasema: “Sheikh, mimi nina dhahabu yangu ya mahari, na bangili alizonipa marehemu nyanya. Nimeiulizia bei, itatoa laki mbili. Nikiiuza, gari litakuwa la nani?”

Mumewe akainama. Yeye hakuwa ameiomba dhahabu ile, na tunalisema hili kwa kuwa waume wengine huiomba, na wengine huichukua bila kuomba. Mali ya mke ni ya mke. Nafaka ya nyumba iko juu ya mume hata mke awe na duka la dhahabu. Akitoa, ametoa kwa hiari yake, naye ana haki ya kujua anatoa kwa mlango gani.

Tukamwambia, “Mwanangu, milango ni mitatu.” Wa kwanza ni hiba: ukimpa mumeo naye akapokea, gari ni lake lote, na ujira wako uko kwa Allah. Wa pili ni mkopo: gari ni lake, nawe ni mdai wake wa laki mbili, au, ukimkopesha dhahabu yenyewe, ni mdai wa dhahabu ya uzani ule ule, hata bei yake ikipanda. Wa tatu ni shirika: gari la 480,000 likinunuliwa, yeye ana mafungu saba katika kumi na mawili nawe una matano. Likipata faida mnagawana, likichakaa mnachakaa nalo.

Akauliza tofauti iko wapi, maadamu wote wanalala nyumba moja. Tofauti huonekana siku ya msiba. Tuliichora hesabu nyuma ya daftari la sare, tukikadiria kwamba mume hakuacha kitu ila gari hilo. Mume akifa na gari likahesabiwa lote ni lake, mke mwenye watoto hupata thumuni. Katika 480,000 hiyo ni 60,000. Mama wa mume hupata sudusi, 80,000, na zilizobaki ni za watoto. Laki mbili za dhahabu zimeyeyuka, na hapana aliyedhulumu kwa makusudi. Kama lilikuwa shirika na likaandikwa, mke huchukua kwanza 200,000 zake, kisha thumuni ya 280,000, yaani 35,000, jumla 235,000. Kama ulikuwa mkopo, deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na siku hiyo jumla ni ile ile.

Lakini magari hayadumishi bei. Tukadiri limeshuka hadi 240,000. Mshirika atapata 100,000 za fungu lake na 17,500 za mirathi. Mdai atalipwa 200,000 zake kamili, kisha 5,000. Kwa hesabu tupu mlango wa mkopo unamlinda mke zaidi, nasi tulimwambia hivyo mbele ya mumewe, bila kumung'unya.

Aliomba usiku mmoja afikirie. Baada ya sala ya alfajiri akasema amechagua shirika. “Sitaki kuwa mdai wa mume wangu kila tukikaa kula,” alisema, “na gari hilo litabeba sare zangu vile vile.” Mumewe akataka kusema kitu, akanyamaza.

Gari walilipata Lodwar, Probox la muuguzi aliyehamishwa kaunti nyingine. Bei ilikuwa 510,000. Muuguzi yule, Allah ambariki, kabla ya kuulizwa alisema kipoza hewa hakifanyi kazi na kwamba masika yaliyopita gari lilivushwa laga maji yakaingia mlangoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani, akamkemea aliyeuficha. Huyu aliuweka juu watu wauone. Fundi akalilaza gari, akanusa mazulia, akatazama mafuta ya gia, kisha bei ikateremka hadi 480,000 kwa ridhaa ya wote. Kabla fedha hazijatoka tulihimiza kumbukumbu za gari zitazamwe NTSA, kujua mwenye jina ni nani na kama kuna mkopeshaji mwenye haki juu yake. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, nayo inapatikana pia kwa njia ya takaful.

Logibuku iliandikwa jina la mume. Sheria ya Trafiki ya Kenya humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike vinginevyo, na hiyo “vinginevyo” ndiyo inayohitaji karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqarah, ni ya kuandika deni na kushuhudisha, haikuwavua wanandoa. Basi tuliandika waraka wa kurasa moja na nusu: bei, tarehe, nani ametoa kiasi gani, saba kwa tano, na kwamba matengenezo nayo ni saba kwa tano, ila petroli ya safari za sare ni ya mke na petroli ya nyumba ni ya mume. Wakatia sahihi. Tulishuhudia sisi na imamu wa msikiti wao. Nakala moja ikakaa na logibuku, na nyingine mke akaitia katika mkebe mtupu wa dhahabu.

Tulirudi nao Kakuma katika gari hilo, watoto wakiimba nyuma na inhela ya yule wa pili ikining'inia shingoni mwake. Kilomita thelathini kabla ya kufika, mwiba wa mathenge ukaingia tairi la kushoto. Tairi la akiba likavishwa, na mjini fundi wa pancha akataka shilingi 200. Mume akatoa noti mbili za mia. Mkewe akamzuia mkono, akatutazama sisi, akauliza fungu lake ni ngapi. Tukahesabu: 83 na senti kidogo. Chenji haikuwapo, akatoa mia.