Mawese ya Mchana

Nilikuwa naokota mbinzo. Mwezi wa nane na wa tisa, wanawake wa mtaa wa Mangobo tunashika njia ya Yangambi alfajiri, beseni kichwani, kutafuta viwavi hao msituni. Macho yangu yalikuwa juu mitini. Nyoka alikuwa chini, mnene kama mkono wa mwanaume, ngozi imefanana na majani makavu. Nilipomkanyaga, nilihisi kama msumari umenipenya kifundoni.

Mama mkwe alinikaza kitenge juu ya goti, akanibandika jiwe jeusi, akiamini litanyonya sumu. Alifanya kwa upendo. Kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, akanipakia hadi hospitali.

Muuguzi alikilegeza kitenge taratibu. Mguu ulikuwa umevimba kiasi tu, na pesa hatukuwa nazo, nikaomba kurudi nyumbani. “Mama, tusubiri damu iseme,” akanijibu. Akatia damu yangu kwenye kichupa cha kioo kisafi, kikavu, akakiweka mezani, akatazama saa. Dakika 20 bila kukigusa. Damu nzima huganda kama mawese ya asubuhi ya baridi. Alipokiinamisha, yangu ilitiririka kama mawese ya mchana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mtu wa labo akapaka tone jingine kwenye kioo, akahesabu chembe nyeupe moja moja kwa hadubini. Katika kila 100, nyutrofili zilikuwa 88. Hizo ndizo askari wanaokimbilia penye uharibifu. Limfosaiti zilikuwa 7 tu. Kwa mtu mwenye afya, za kwanza huzizidi za pili mara moja hadi tatu hivi. Zangu zilizidi mara 12. Daktari alinieleza kwamba sumu ile huharibu nyama na mishipa, mwili ukawaka kwa ndani, na mara nyingi hesabu hiyo hupanda kadiri hali inavyokuwa mbaya. Hata kidonda chenye usaha huipandisha, kwa hiyo hawaitegemei peke yake. Lakini kichupa kilikuwa kimekwisha kusema.

Seramu, dawa ya sumu ya nyoka, haikuwepo hospitalini. Mume wangu aliuza cherehani yangu, kaka akazunguka mji mzima, akarudi saa nane usiku na chupa ndani ya termosi ya barafu. Dawa hiyo hutokana na damu ya farasi waliodungwa sumu kidogo kidogo, nayo ni ghali. Mwaka 2016 chupa za mwisho za seramu iliyotegemewa sana Afrika ziliisha muda wake, kiwanda cha Ufaransa kikiwa kimeacha kuitengeneza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaandika kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa. Sisi tunaoingia msituni hatujawahi kuyapuuza.

Nilidungwa seramu ile, na siku ya nne damu iliganda kichupani. Nyutrofili 61, limfosaiti 30. Nililia, nikamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikaitikia.

Zile karatasi mbili za labo zimo ndani ya Biblia yangu. Mama mkwe hajui kusoma, lakini huniomba nimwonyeshe kwa kidole ilipo 7, kisha ilipo 30.