Nani Alimpakata Mtoto Wetu?

Sisi ni dada wawili, wakazi wa Makanyagio, Mpanda mjini. Tulizaliwa watatu. Wa katikati alitutoka mwaka 2006 kwa ugonjwa wa UKIMWI, akatuachia binti wa miaka miwili na miezi michache. Baba wa mtoto alikuwa ametangulia. Tangu hapo binti huyo amelelewa nasi wawili, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akituita mama mkubwa na mama mdogo. Kwa idhini yake tunawaelezeeni jambo lililotupata likizo iliyopita, maana tunadhani wako akina mama wengi waliobeba mzigo kama wetu.

Binti yetu sasa ni msichana mkubwa, anasomea ualimu wa madarasa ya awali. Alishuka stesheni na treni ya kutoka Tabora, macho mekundu kwa vumbi na usingizi, na kabla hajamaliza uji wake akatoa simu.

"Mama mkubwa, mama mdogo, njooni muone."

Kwenye kioo cha simu walikuwamo vikaragosi, wale wanasesere wanaochezeshwa kwa mikono wakaonekana kama watu. Mmoja, wa rangi ya manjano iliyokolea, alikuwa akizungumza na wenzake kwa Kiswahili. Tulimtambua mara moja. Alikuwa Kami, wa kile kipindi cha watoto kilichoitwa Kilimani Sesame.

Binti yetu alitueleza kwamba huko chuoni wameshikwa na mchezo mmoja. Mtu analeta kipande cha kipindi walichokitazama utotoni, kisha wengine wanabishana ni cha mwaka gani. Wanapima kwa lugha, kwa mavazi, kwa ubora wa picha, hata kwa kukumbuka walikuwa darasa la ngapi. Tulicheka naye. Lakini hakuwa ametuitia kicheko.

"Hiki mimi nilikitazama nikiwa nimepakatwa na mama," alisema. "Nakumbuka kitenge chake cha buluu chenye ndege. Alikuwa ananisuka huku tunatazama. Nataka kujua ulikuwa mwaka gani, niuandike. Ndicho kitu pekee ninachokumbuka cha mama."

Mdogo kati yetu aliinuka kwenda kuangalia maharage jikoni, ingawa maharage yalikuwa yameshaiva. Mkubwa alibaki akiitazama simu bila kusema neno.

Usiku ule, mtoto alipolala, tulikaa jikoni tukabishana kwa sauti ya chini. Mmoja wetu alisema: mwache na kumbukumbu yake, inamdhuru nini? Marehemu aliacha picha moja tu, ndogo ya kitambulisho, na hiyo imefifia hata macho hayaonekani vizuri. Kumnyang'anya yatima kitu pekee alicho nacho cha mama yake ni ukatili. Mwingine alisema: ameuliza mwaka, na mwaka utamjibu hata sisi tukinyamaza. Afadhali akisikie vinywani mwetu kuliko akigundue peke yake huko chuoni, halafu ajiulize ni mangapi mengine tuliyomficha.

Tulilala bila kuafikiana. Asubuhi tulimkuta keshaanza hesabu yake kwenye daftari.

Alikuwa ameandika kwamba kipindi mama cha vipindi hivyo, Sesame Street, kilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 1969. Baadaye nchi nyingi zilitengeneza vyao kwa lugha na mazingira yao. Afrika Kusini walianza Takalani Sesame mwaka 2000, na huko ndiko Kami alikozaliwa mwaka 2002. Kami ni mtoto wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mama yake amekufa kwa ugonjwa huo. Mwaka 2003 shirika la UNICEF lilimpa heshima ya kuwa mtetezi wa watoto.

"Mnaona?" alisema, na uso wake ukang'aa. "Kami alianza mwaka 2002. Mama alikuwa hai. Tena vipande hivi huwa vinahamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, kinaweza kuwa cha zamani kuliko kinavyoonekana."

Hapo alisema kweli. Ni desturi ya vipindi hivyo kuazimana picha. Filamu iliyopigwa nchi nyingine miaka mingi nyuma inatiwa sauti ya lugha mpya, na mtoto wa Tanzania anaiona kama ya leo. Umri wa picha si lazima uwe umri wa siku uliyoitazama. Ndiyo maana wanaocheza mchezo ule wa kutaja miaka hukosea mara nyingi.

Lakini mkubwa wetu alimuuliza swali moja tu, kwa upole: "Yule Kami unayemkumbuka wewe, alikuwa anasema lugha gani?"

Binti akanyamaza. Kisha akajibu, "Kiswahili."

Kami wa Afrika Kusini alizungumza na watoto wa kule kwa lugha zao. Kami wa Kiswahili alikuja na Kilimani Sesame, na kabla ya mwaka 2008 kipindi hicho hakikuwapo majumbani mwetu. Kilikuja kwa televisheni, redio na vitabu, kikiwafundisha watoto wa chekechea herufi, namba na afya, pamoja na kujikinga na malaria. Utafiti wa watoto zaidi ya mia mbili wa Kitanzania uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliokifuatilia vizuri walipata maendeleo katika mambo hayo. Tunaamini, maana hata wa kwetu alikuwa akitukemea tukisahau kuchomekea chandarua.

Tulikwenda kwenye sanduku la karatasi kutafuta risiti ya televisheni yetu. Ilikuwa ndogo, ya inchi 14, tuliyoinunua baada ya kuuza mpunga. Wenyeji watakumbuka kwamba umeme wa Mpanda wakati huo ulitoka kwenye mashine za dizeli, ukizimika wakati wowote, nawe unabaki umekodolea macho kioo cheusi. Risiti tuliipata, lakini mende walikuwa wamekula pembe yenye tarehe. Kilichosalia ni muhuri wa duka: Mpanda, Rukwa. Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, kabla ya hapo tulikuwa Rukwa. Basi televisheni ilinunuliwa kabla ya 2012, na kipindi hakikuwapo kabla ya 2008. Yeye mwenyewe akaongeza kwamba siku hiyo alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, nalo alilianza mwaka 2011.

Aliandika kwenye daftari: kati ya 2008 na 2010. Akaweka kalamu chini. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha mwaka 2006.

"Basi nani alinipakata?" aliuliza.

"Ni mimi, mwanangu," alijibu mkubwa wetu. "Nilikuwa ninakusuka mimi."

Hakulia. Alitazama mikono ya mama yake mkubwa kwa muda mrefu, kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Kisha akatoka nje akaenda kukaa chini ya mwembe, nasi tukamwacha. Kwa kweli ile saa moja ilikuwa nzito kuliko siku nyingi za msiba. Yule kati yetu aliyetaka tunyamaze hakusema "niliwaambieni," ingawa alikuwa na haki ya kusema.

Tukiwa tumekaa hivyo, mdogo wetu akashtuka. "Dada, kitenge cha buluu chenye ndege. Kile kilikuwa cha nani?"

Tulikuwa tumesahau. Marehemu alikinunua yeye mwenyewe kabla hajaugua, akakipenda mno. Baada ya arobaini, nguo zake zilipogawanywa, kitenge kile kilimwangukia mkubwa wetu, akakivaa nyumbani kwa miaka mingi mpaka kikaanza kuchanika. Hatukukitupa. Tulikitoa chini ya sanduku, kimepauka, ndege wake wanaonekana kwa shida, tukampelekea mwembeni.

Tulimwambia yote. Kwamba aliyempakata ni mama mkubwa, lakini nguo aliyolaza kichwa chake ilikuwa ya mama yake. Kwamba mama yake alimbebea mgongoni kwa kitenge hicho hicho. Kwamba dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwishoni mwa mwaka 2004, lakini yeye zilimkuta amedhoofu sana. Kwamba baada ya msiba, watoto wa jirani walikatazwa kula naye sahani moja, na yeye akawa anakula peke yake kizingitini. Na kwamba siku ile alipomwona Kami anacheza na wenzake bila kubaguliwa, aligeuka akauliza, "Na mimi nitacheza?" Mama mkubwa akashindwa kujibu, akaendelea kusuka.

"Hilo silikumbuki," alisema binti yetu.

"Sisi tunalikumbuka," tukamwambia. "Ni lako. Andika."

Aliandika. Alikaa pale mpaka jua likaelekea kuzama, akiuliza na kuandika: mama alikuwa anapenda kula nini, sauti yake ilikuwaje, alicheka namna gani. Mengine tulibishana sisi wenyewe, maana hata dada hawakumbuki sawasawa. Baadhi ya maswali hatukuwa na majibu, tukamwambia hivyo. Alipoondoka kurudi chuoni alikichukua kitenge. Mkubwa wetu alimwomba amwachie kipande kidogo, nao wakakikata kwa mkasi, kila mmoja na ndege wake.

Akina mama wenzetu, tumejifunza kwa kuchelewa. Huko Uganda, tangu miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, siku waliyozaliwa, tabia za mama na baba, mambo yaliyowafurahisha. Mama alifanya hivyo angali na nguvu, ili mtoto asije akabaki kukisia. Marehemu dada yetu hakupata nafasi hiyo. Sisi tulikuwa nayo kwa miaka karibu ishirini, tukaiacha ipite kwa kudhani kwamba kutomtaja mama ndiko kumtunza mtoto.

Kama unalea mtoto wa ndugu yako, usingoje aulize. Chukua daftari la shule, hata lile la kurasa chache. Andika majina na miaka. Nyuma ya kila picha andika ni nani, ni wapi, ni lini, kwa maana picha isiyo na mwaka itamfanya mjukuu wako abuni. Nguo ya marehemu unayoivaa, mwambie mtoto ni ya nani. Na kama liko jambo analoliamini ambalo si sahihi, mketishe umweleze kwa upendo, ukiwa na la kumpa badala yake. Ukweli mtupu, usio na kitenge, ungetuumiza sote.

Wiki iliyopita alitupigia simu. Wenzake walikuwa wamemuuliza tena kile kipande ni cha mwaka gani.

"Nimewaambia mwaka 2009 au karibu na hapo," alisema. "Nimewaambia nilikitazama nikiwa nimepakatwa na mama mkubwa."