Mkanda wa jeshi ulipoingia tumboni

Maumivu yalianza upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, yakazunguka hadi mgongoni. Nilikuwa na miaka 63, fundi seremala hapa Tanga, mtu wa kuinua mbao tangu ujana. Ngozi ilikuwa safi kabisa. Daktari mmoja alisema ni vidonda vya tumbo, mwingine mawe kwenye nyongo, lakini ultrasaundi haikuonyesha kitu. Ajabu ni kwamba shati likinigusa ubavuni nilihisi kama nimewekewa pasi ya moto. Mke wangu alishangaa: "Baba, tumbo gani hili linaloogopa nguo?"

Siku chache baadaye vikatoka vipele vyekundu, vikageuka malengelenge yenye maji, yamejipanga kutoka uti wa mgongo hadi karibu na kitovu na kukomea hapo. Hapo kila mtu akajua: mkanda wa jeshi. Na minong'ono ikaanza, maana huku kwetu mkanda ukitajwa tu, watu wanafikiria UKIMWI. Nilipima, sina. Ila ningekuwa nao ningesema hayahaya, kwa sababu mwenye kinga iliyoshuka ndiye anayestahili kuwahishwa hospitali kuliko wote, na maneno ya watu ndiyo yanayomfungia ndani. Wapo pia waliosema mkanda ukizunguka mwili ukakutana, mgonjwa hufa. Si kweli, na maneno hayo yanatesa watu bure.

Kilichonifikisha pabaya hakikuonekana kwenye ngozi. Tumbo lilianza kuvimba. Choo kikakata, hata upepo haukutoka, kila nilichokunywa nikakitapika. Picha ya eksirei ilionyesha utumbo mpana umetanuka kwa hewa, na ikasemwa huenda umejisokota, nipelekwe kupasuliwa. Daktari mmoja kijana akafunua shuka, akayatazama yale malengelenge kwa muda mrefu. "Shikamoo mzee. Haya yalitangulia tumbo kuvimba, au yalifuata?" Nilimjibu kwamba yalitangulia. Akaomba nipigwe sitiskani kwanza. Utumbo haukuwa umeziba popote.

Alikaa kando ya kitanda akatueleza. Kirusi cha tetekuwanga niliyougua utotoni hakikuondoka. Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo. Umri ukisogea au kinga ikishuka, kinaamka na kushuka na mshipa hadi kwenye ngozi. Lakini utumbo nao una mishipa yake ya fahamu, ndiyo inayoufanya usukume chakula kiende chini. Kirusi kikiishambulia, utumbo unasimama kana kwamba umeziba, na hewa inajaa. Ni jambo la nadra, lakini lipo. Kutanuka kwa utumbo namna hiyo bila kizuizi kulielezwa mwaka 1948 na mpasuaji wa Uingereza, Heneage Ogilvie, ingawa wagonjwa wake wawili walikuwa na saratani, si mkanda. Hatari yake ni utumbo kutoboka.

Sikupasuliwa. Nilizuiwa kula, nikawekewa dripu, mpira puani na mwingine njia ya haja kubwa, na dawa ya asaikloviri kwenye mshipa. Walipima damu wakarekebisha potasiamu, kwa sababu ikipungua utumbo unazidi kulala. Muuguzi wa zamu ya usiku aliniuliza kila alipopita, "Baba, umejamba?" Aliuliza kwa sauti ya upole kabisa, na siku nilipojibu ndiyo, mke wangu alishika uso kwa mikono miwili akalia. Mungu ambariki yule dada.

Kwa wengi mkanda hautibiwi kwa dripu. Ni vidonge vya asaikloviri, miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7, na vinasaidia zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Majani yaliyopondwa niliyoletewa yangeweza kula saa hizo zote.

Choo kilirudi taratibu, na sasa ninakula ugali na samaki kama zamani. Ubavu bado unawaka usiku, kwa hiyo nameza kidonge kidogo cha amitriptilini kabla ya kulala. Upande ule wa tumbo ulibaki umetokeza kama ngiri, kumbe si ngiri bali ni misuli iliyolegea kwa mshipa wake kuumia. Daktari alisema kwa wengi misuli hukaza tena ndani ya miezi kadhaa, na uvimbe wangu unazidi kupungua. Randa nimeshaishika tena. Mbao ndefu anainua kijana wangu.