Betri Haikai na Chaji: Tutafute Chanzo Kabla ya Kulaumu



Katika parokia nyingi za mwambao wetu, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani, utakuta kamera moja ya dijitali ambayo hukaa kabatini sakristia na kutolewa siku za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, ndoa na mazishi. Lawama inayosikika mara nyingi juu ya kamera hizo ni moja: "Betri haikai na chaji." Neno hilo likishasemwa, hukumu imeshatoka. Betri ndiyo mbaya, inunuliwe nyingine. Sisi mafrateri watatu tunaosoma falsafa tulikabidhiwa kamera ya namna hiyo wakati wa likizo yetu, na tunapenda kuwashirikisha tuliyojifunza. Sentensi ile ina maneno manne tu, lakini ndani yake mmejificha maswali manne.

Kwanza tueleze kwa nini jambo hili lilitugusa. Paroko alituomba tupite jumuiya kwa jumuiya na kuwapiga picha wazee wote waliozidi miaka 75, kila mmoja nyumbani kwake, halafu picha zichapishwe na kukabidhiwa familia. Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kuhudhuria mazishi huku kwetu. Mzee anafariki, watoto wanatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, na inayopatikana ni ile ya kadi ya mpiga kura, iliyokuzwa mpaka uso umegeuka ukungu. Siku ya kwanza tulifika nyumba nne. Katika nyumba ya nne betri zote mbili zilikuwa zimekwisha, ingawa asubuhi taa ya chaja ilisema zimejaa. Bibi wa nyumba ya tano alikuwa ameshavaa kitenge chake cha WAWATA akitusubiri. Tulimwamkia, tukasali naye, tukaahidi kurudi. Wiki mbili baadaye tulimzika, na juu ya jeneza palikuwa na picha ya kadi ya mpiga kura.

Baada ya hapo kamati tendaji ilipendekeza fedha za jumuiya zitumike kununua kamera mpya. Tuliomba siku tano za kuchunguza kwanza.

Tulianza kwa kuyatenganisha maswali. La kwanza: je, betri inapokea chaji? La pili: ikishapokea, inaitunza? La tatu: je, kuna kitu kinachoinyonya pasipo sisi kujua? La nne: je, chaji iliyomo inafika kwenye kamera? Mtu akisema "haikai na chaji" anaweza kuwa ameona tatizo la chaja, la betri, la kamera au la mahali betri inapogusana na kamera. Dalili kwa mtumiaji ni ile ile, yaani kamera inazimika.

Kanuni ya kwanza tuliyoishika ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. John Stuart Mill aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843: ukiwa na hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na matokeo yakatofautiana, basi kile kimoja kinahusika. Tukaziandika betri zetu A na B kwa kalamu ya wino usiofutika. Bila alama, betri mbili zinazofanana zitakuchanganya mpaka uchoke.

Usiku wa kwanza betri A ililala ndani ya kamera iliyozimwa, na B ikalala kabatini. Asubuhi A ilikuwa imepungua, B iko vile vile. Mtu mwenye haraka angesema A ndiyo mbaya. Usiku wa pili tukazibadilisha, B ndani ya kamera na A kabatini. Asubuhi B ndiyo iliyopungua. Kumbe betri yoyote iliyolala ndani ya kamera ilinyonywa. Tulipopekua menyu tukakuta kwamba kamera ile, hata ikizimwa, huendelea kutafuta simu ya kuiunganisha nayo kwa bluetooth. Baadhi ya kamera za siku hizi zimeundwa hivyo, na nyingine huendelea kurekodi mahali zilipo kwa setilaiti. Tukaizima huduma hiyo, na usiku wa tatu hapakuwa na upungufu wa kuonekana.

Hapo swali la tatu lilikuwa limepata jibu. Lakini betri A bado ilikwisha baada ya picha 20 hivi. Jambo lingine tulilogundua ni kwamba taa ya chaja iligeuka kijani baada ya nusu saa tu, wakati B ilichukua karibu saa mbili. Tukaazima chaja ya aina ile ile kwa mpiga picha wa harusi. Matokeo yakawa yale yale. Chaja yetu ikaachiwa huru.

Tukaenda kwa fundi mmoja mzee kule Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Leteni hiyo kitu."

Akaipima A kwa mita yake: volti 8.3. Betri ya namna ile ina seli mbili ndani, na kila seli ikijaa huwa na volti 4.2, kwa hiyo 8.3 ni betri iliyojaa. Tukatazamana. Fundi akacheka, akachukua taa ndogo ya indiketa ya pikipiki na kuiunganisha na betri. Namba zikaanza kuporomoka, na muda si muda zikawa chini ya 6. Akafanya hivyo hivyo kwa B, nayo ikasimama juu ya 7.

"Betri haipimwi ikiwa imelala," akasema. "Ipe kazi ndiyo utaijua."

Kwa sisi tunaosoma metafizikia, maneno hayo yalikuwa na ladha ya pekee. Aristotle alitofautisha uwezo, aliouita dunamis, na utendaji, aliouita energeia, neno ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelitumia kupata jina la nishati. Aliwapinga Wamegara waliodai kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapotenda. Mwashi aliyelala, alisema, bado ni mwashi. Ni kweli. Lakini kama unataka kujua nani kati ya wawili waliolala ndiye mwashi, huna budi kuwaamsha na kuwapa matofali.

Fundi alitueleza tofauti nyingine ambayo watu wengi huiruka, yaani kujaa na ukubwa. Wakazi wa mkoa wetu wanaweza kuielewa kwa mfano wa mto Pangani. Mitambo ya umeme ya Hale na ile ya Maporomoko ya Pangani hutegemea maji ambayo huko juu hutunzwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Bwawa lolote likiingiwa na tope jingi, maji yatafika ukingoni kama zamani, na mtu wa mbali ataapa kwamba limejaa. Limejaa kweli, lakini limejaa kidogo. Taa ya kijani ya chaja inakuambia maji yamefika ukingoni. Haikuambii tope ni kiasi gani.

Na tope hilo linatoka wapi? Betri hizi za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuziendeleza. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine wakati wa kuchaji, na kurudi wakati wa kutumia. Kila safari huacha chembe chache zimenaswa njiani. Ndiyo maana betri huzeeka hata ikitunzwa vizuri, na baada ya mizunguko 300 hadi 500 upungufu huanza kuonekana wazi. Lakini joto huharakisha kuzeeka, na betri iliyojaa ikikaa kwenye joto ndiyo huumia zaidi. Takwimu zinazotajwa sana na wataalamu ni kwamba betri iliyojaa ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 40 inaweza kupoteza karibu asilimia 35 ya uwezo wake. Ile iliyochajiwa asilimia 40 tu na kukaa kwenye nyuzi 25 hupoteza asilimia 4 hivi. Sasa fikirini kabati la sakristia iliyoezekwa bati, huku kwetu, mwezi wa pili.

Kuhusu A, kulikuwa na jambo la ziada. Haikuwa betri iliyokuja na kamera. Ilinunuliwa baadaye kwa bei nafuu, ubavuni imeandikwa uwezo mkubwa kuliko wa B, lakini mkononi ni nyepesi kuliko B. Uandishi wa ubavuni ni ahadi tu.

Lilibaki swali la nne. B, ingawa nzima, ilikuwa ikikatika ghafla na kurudi ukiitikisa. Fundi akatuonyesha vile vipande vidogo vya chuma ambapo betri hugusana na kamera. Vilikuwa na utando wa kijani. Upepo wa bahari yetu una chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula chuma polepole. Akavisugua taratibu kwa kifutio cha penseli, akapangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, akaacha vikauke. B haikukatika tena.

Basi ukweli ukawa huu: betri moja ilikuwa imechoka kweli, nyingine ilikuwa nzima ila ilizibwa na kutu, na kamera yenyewe ilikuwa ikizinyonya zote mbili usiku. Kamera mpya, ikiwekwa katika kabati lile lile, ingefika hapo hapo baada ya muda. Kamati ilikubali kununua betri moja halisi, na fedha nyingine zikabaki kwa ajili ya kuchapisha picha.

Kwa parokia na jumuiya zenye kamera, tunapendekeza haya machache. Toeni betri kwenye kamera inapohifadhiwa. Kama haitatumika kwa miezi, iacheni ikiwa imejaa nusu, mahali penye ubaridi na kivuli, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ichajini ijae siku moja kabla ya shughuli. Msifuate ushauri wa zamani wa kuimaliza kabisa kabla ya kuichaji. Huo ulifaa betri za nikeli na kadimiamu, na hizi za lithiamu huziumiza. Betri ikivimba, isichajiwe tena, isitobolewe, isitupwe motoni wala baharini. Pelekeni kwa fundi anayejua pa kuipeleka.

Sisi tunajiandaa kwa utume ambao ndani yake tutaletewa sentensi nyingi fupi kama ile. "Mume wangu hanijali." "Kijana huyu hasikii." "Jumuiya yetu imekufa." Kila moja huja na hukumu yake tayari, na mara nyingi kuna mtu mmoja anayeelekezewa kidole. Falsafa haitupi jibu la sentensi hizo. Inatupa subira ya kuuliza ni maswali mangapi yaliyomo, na kumtazama aliyelaumiwa akiwa kazini kabla ya kumtupa.

Hadi tunaandika makala haya tumeshawapiga picha wazee 31, na picha zao ziko ukutani majumbani mwao. Orodha ina majina 14 yaliyobaki. Kesho asubuhi tunaelekea upande wa Tongoni, tukianza na wale wenye umri mkubwa zaidi.