Njia Zilizofungwa Katika Milima ya Shimba

Mtu atokaye Mombasa kwenda Kwale kwa njia ya zamani huvuka kivuko cha Likoni, akafuata barabara ya kusini hata Kombani, kisha akapinda mkono wa kuume na kuanza kupanda. Minazi hupungua kidogo kidogo, upepo huwa wa baridi, na akigeuka nyuma huiona bahari yote imetandazwa chini yake.

Lango la hifadhi ya Milima ya Shimba haliko mbali na mji wa Kwale. Msitu huu uliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikafanywa hifadhi ya wanyama. Ni hapa tu katika nchi yote ya Kenya aonekanapo palahala, ambaye dume lake ni jeusi lenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Lakini mwenye enzi ya mahali hapa ni ndovu. Watu wa bara humwita tembo. Ila pwani mtu akisema ameona tembo, wenziwe huenda wakamwuliza limo katika kibuyu cha nani.

Kinachowavuta wageni wengi ni maporomoko ya Sheldrick, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 20. Kuyafikia ni mwendo wa miguu wa kilomita mbili hivi, tena wa kuteremka msituni. Hapana ruhusa mtu kushuka peke yake. Hutangulia askari wa wanyama mwenye bunduki, na wageni humfuata kwa mstari.

Basi hutokea mgeni akafika asubuhi pamoja na wanawe, chakula kimefungwa, kamba za viatu zimekazwa, askari akamwambia, "Samahani, bwana, leo njia imefungwa." Labda mvua ya masika imenyesha usiku na udongo wateleza. Labda ndovu majike wameonekana bondeni na ndama wao. Mgeni hukasirika, na si ajabu, kwa maana kiingilio amelipa, na watoto hawajui kuambiwa kesho. Wako wanaonong'ona ya kuwa askari ni mvivu tu.

Wasemao hivyo hawajamwona ndovu msituni. Wadhani mnyama mkubwa kama yule hawezi kujificha, kumbe aweza kusimama kimya hatua ishirini tu kutoka njiani, asionekane ila sikio likipepea. Tena kushuka bonde lile ni rahisi, lakini kupanda mbio juu ya udongo uliolowa ni jambo lingine, na ndovu humshinda mbio hata kijana mwenye nguvu. Na mgeni akizunguka kizuizi kwa siri, hajihatarishi yeye peke yake: askari hana budi kumfuata, na ndovu aliyemdhuru mtu huenda akapigwa risasi kwa kosa lisilo lake.

Wala asidhani ya kuwa ni yeye tu aliyefungiwa njia. Wakulima wa kando ya msitu, Wadigo kwa Waduruma, wanaujua ua wa nyaya za umeme kwa miaka mingi. Ua huo uliwekwa kwa faida yao, lakini ndovu hujifunza upesi. Huangusha mti juu ya waya, akapita. Usiku mmoja watosha kumaliza mahindi na mihogo ya mwaka mzima. Mgeni aliyerudishwa langoni amepoteza asubuhi moja, na alikuwa na askari wa kumwonya. Mtoto aendaye shule alfajiri hana askari.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2005 ndovu 150 walichukuliwa kwa malori kutoka Shimba na Mwaluganje hata Tsavo Mashariki, kwa kuwa walikuwa wamezidi mahali pao. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama, ingawa kila karani ajua karatasi za namna hiyo huenda mwendo gani. Na huko Mwaluganje wenyeji walifanya la ajabu zaidi: katika miaka ya 1990 waliacha kulima ardhi yao wenyewe ili ndovu wapate njia, wakawa wanagawana fedha za wageni. Hata mavi ya ndovu yalitengenezwa karatasi.

Mgeni aliyerudishwa Shimba aweza kushuka mpaka Diani, akaendelea kidogo kusini hata Kaya Kinondo. Huko nako iko njia iliyofungwa, wala hapana waya wala bunduki. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmojawapo wa misitu ya kaya iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Hoteli zimejengwa pwani yote ile, na kaya imesalia. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, akaongozwa na mwenyeji, akaambiwa pale asipopaswa kukanyaga. Naye hatii kwa kuogopa pembe, hutii kwa kuwa wazee wamesema. Haruhusiwi kuchuma hata jani. Akitoka huivua ile kaniki, akairudisha, akaenda zake mikono mitupu.