Madirisha ya Bibi: Tutengeneze au Tubadilishe?

Akina mama wenzetu, yapo maamuzi ya nyumbani ambayo kwa macho huonekana madogo, lakini ukiyashika unakuta yamebeba afya ya mtoto, heshima ya mzazi na ada ya shule, vyote kwa pamoja. Kwetu sisi uamuzi wa namna hiyo ulihusu madirisha manane. Tunawasimulia jinsi tulivyoufikia, kwani tunajua wengi wenu mnaishi katika nyumba za urithi, na huenda swali hili likawafikia siku moja.

Nyumba na wakazi wake

Sisi ni mume na mke, mmoja mwalimu wa shule ya msingi na mwingine muuguzi. Tunaishi Kilwa Kivinje, mkoani Lindi, pamoja na watoto wetu wanne na Bibi yao mzaa baba. Nyumba aliinunua Babu, marehemu sasa, mwaka 1969 kutoka kwa familia ya wafanyabiashara iliyokuwa ikihama mji. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, nazo ni nene kama urefu wa mkono. Madirisha ni ya mbao ngumu, kila moja lina milango miwili yenye vibao vya mlalo vya kupitishia hewa.

Anayeifahamu Kivinje anajua kwamba nyumba za namna hii zilikuwa nyingi. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa bandari ya misafara iliyotoka bara, na baadaye Wajerumani wakaufanya makao ya utawala wao wa wilaya. Leo nyingi katika nyumba hizo ni magofu yaliyoota miti ndani. Yetu imesimama kwa sababu haikuwahi kukosa mtu wa kuipaka chokaa.

Lakini chokaa haizuii mbao kuoza. Kufikia mwaka 2023 madirisha matatu yalikuwa hayafungi sawasawa, vibao vilikuwa vimeng'oka, na mbu waliingia kama wageni wa harusi. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitano wakati huo, alipata malaria mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara ya tatu damu ilipungua kiasi cha kuongezewa. Chandarua chenye dawa alikuwa nacho na alikilalia kila usiku. Ila mbu wa malaria huanza kuuma giza linapoingia, na mtoto wa miaka mitano halali saa moja jioni. Muda huo alikuwa sebuleni akicheza, karibu na dirisha lililovunjika.

Tuliporudi naye kutoka wodini tulikubaliana kwamba madirisha hayatangoja mwaka mwingine.

Kila mmoja na lake

Fedha tuliyokuwa nayo ilitokana na akiba ya kikundi chetu cha akina mama, na tayari ilikuwa na mwenyewe: binti yetu mkubwa alikuwa anaanza chuo. Mdogo wetu anayefanya kazi Dar es Salaam akajitolea kusaidia, kwa sharti kwamba tung'oe mbao zote na kuweka alumini na vioo vya kusukuma. "Nyumba ya mama yetu isiwe ya kuchekwa," alisema.

Tulidhani Bibi angetetea mbao za mumewe. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Wanangu, nimechoka kukaa gizani," alituambia. "Kila nyumba ya barabarani ina vioo, mimi nimebaki na mbao za Mjerumani."

Maneno yale yalitushika. Mama aliyelea watoto sita katika nyumba ile hakuwa anaomba anasa. Basi tukamwita fundi wa alumini.

Fundi alipima na kutueleza vizuri. Alumini hailiwi na mchwa, haitaki rangi kila mara, na kioo huleta mwanga hata dirisha likifungwa. Hayo ni kweli na hatuyapingi. Lakini ili madirisha yake yaingie ilibidi kung'oa fremu za zamani, kupanua matundu kwa upana wa shubiri moja kila upande, kisha kuziba kwa saruji.

Hapo tuliingiwa na hofu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Ukiuvisha saruji ngumu, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya ndani, na plasta huanza kumomonyoka. Tena juu ya kila dirisha kuna boriti zinazobeba uzito wa ukuta, nazo zimekaa hapo kwa miaka mingi bila kuguswa. Sote tulisikia habari za Zanzibar, jinsi sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ilivyoporomoka Desemba 25, 2020 wakati likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Nyumba yetu ni ndogo sana mbele ya jumba lile, lakini ukuta wa zamani ni wa kuheshimiwa popote ulipo.

Jambo la pili lilikuwa joto. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine. Na mvua ya upepo ikinyesha, lazima ufunge kabisa. Vibao vya mlalo hukinga mvua na jua huku hewa ikiendelea kupita. Anayelala pwani yetu mwezi wa Februari anajua maana ya hewa kupita.

Kisu cha mzee seremala

Kabla ya kumjibu mdogo wetu, tulimwomba mzee mmoja seremala wa majahazi aje kutazama. Alikuja asubuhi, akaamkiwa, akanywa chai, kisha akatoa kisu kidogo mfukoni. Akawa anachoma mbao za kila dirisha: juu, katikati, chini, na pembeni kwenye bawaba. Palipo pazima kisu kiligoma. Palipooza kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Aligonga pia kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Alipomaliza, kabla ya kwenda kuswali adhuhuri, alitupa hesabu yake. Madirisha matano yalikuwa mazima. Ubovu wake ulikuwa bawaba zilizoliwa na kutu, vibao vichache na rangi iliyokufa. Mawili yalikuwa yameoza kipande cha chini tu, pale maji ya mvua yanapotuama. Hayo yangekatwa na kuungwa mbao mpya. Moja halikuwa na dawa, kwani mchwa walikuwa wamekula fremu kwa ndani. Hilo lilikuwa la chumba cha Bibi.

Kisha akamwomba Bibi amfungulie dirisha hilo ili alione kwa nje. Bibi akasimama, akashika pingo, yaani ule mti mzito unaokingamishwa nyuma ya dirisha, akajaribu kuunyanyua, akashindwa. Vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi. Alikuwa akimtegemea mjukuu wake mkubwa kulifungua, na tangu mjukuu aende shule ya bweni, dirisha lilikuwa halifunguliwi isipokuwa mtu akipita chumbani kwa bahati. Hakumwambia yeyote. "Ninyi mna kazi zenu," alisema. "Nitawasumbua asubuhi na jioni kwa ajili ya dirisha?"

Basi giza alilolilalamikia tukalielewa. Halikutoka kwenye mbao. Lilitoka kwenye pingo, na kwenye staha ya mzee asiyetaka kuwa mzigo kwa watoto wake. Tungeweka alumini yenye kitasa kigumu, angebaki gizani vilevile, tena na joto zaidi.

Uamuzi

Jioni ile baada ya sala ya familia tulifanya kikao, na Bibi akakaa katikati yetu. Tulimwuliza yeye kwanza anataka nini. Akajibu: "Nataka kufungua mwenyewe, na nataka kuona bahari hata mvua ikinyesha."

Tukaamua kutengeneza saba na kubadilisha moja. Lile la Bibi lilichongwa upya kwa mninga, kwa vipimo vilevile ili ukuta usiguswe, isipokuwa sehemu ya juu mzee seremala aliweka vioo vinne badala ya vibao. Pingo zote zilitolewa, zikawekwa komeo nyepesi na bawaba za shaba, ambazo chumvi ya bahari haizili kama chuma. Kwa ndani kila dirisha lilipata fremu nyembamba yenye wavu wa mbu, inayofunguka ili isafishwe.

Mdogo wetu hakufurahi. Kwa wiki tatu hakutuma kitu. Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba simu, akazungumza naye faragha chumbani. Hatujui alimwambia nini, lakini kesho yake fedha ya nyavu zote ilifika. Gharama nzima ilikuwa chini ya nusu ya ile ya alumini, na binti yetu alianza chuo siku aliyotakiwa kuanza.

Kazi ilichukua wiki saba. Mwaka uliofuata, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu na barabara ya Dar es Salaam ikakatika kwa mafuriko, tulifunga madirisha yote manane na yote yalikaza. Maji yaliingia kidogo chini ya mawili. Mzee alirudi akachonga mfereji mdogo chini ya kizingiti ili maji yadondokee nje, na tangu hapo hayajaingia tena.

Mtoto wetu amepata malaria mara moja tu katika mwaka mzima uliofuata matengenezo. Hatusemi ni wavu peke yake, kwani chandarua hatukukiacha hata usiku mmoja. Lakini utafiti uliofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizozibwa kwa nyavu madirishani, milangoni na darini ziliingiwa na mbu kwa takribani nusu tu ya nyumba zisizozibwa, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa 12 kwa kila 100, badala ya 19.

Kama nawe una swali hili

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo tunayokushauri, mama msomaji:

1. Choma kwa kisu kabla ya kuamua. Tazama zaidi kipande cha chini na kizingiti. Mara nyingi kilichooza ni sehemu tu, na fundi seremala anaweza kukiunga.

2. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Usiikwangue kavu wala kuichoma moto. Lowanisha kwanza, tandika nailoni chini, kusanya maganda yote, na waondoe watoto na wajawazito mpaka pasafishwe kwa maji.

3. Ziba ukuta wa chokaa kwa chokaa. Saruji iache kwenye nyumba ya matofali ya saruji.

4. Ukinunua mbao, dai risiti na uhakikishe zimevunwa kwa kibali. Hapa Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kutunza msitu wao, kwa hiyo mbao halali si ndoto.

5. Kama nyumba ina mlango wa nakshi, usiuuze kwa wapita njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa Afrika kabla ya mwaka 1940.

6. Ukiweka nondo kwa ajili ya wezi, hakikisha kila chumba cha kulala kina njia nyingine ya kutokea moto ukizuka.

7. Wavu wa dirisha ni wa kuongeza kinga. Chandarua kiendelee kutumika, na homa ya mtoto ipimwe siku hiyohiyo.

Hatusemi kila dirisha la zamani linafaa kuokolewa. Yapo yaliyokwisha, na kwenye nyumba ya matofali ya saruji alumini nzuri inaweza kuwa chaguo la busara. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kumwita fundi, umuulize yule anayelala chumbani humo. Mwombe akufungulie dirisha lake mbele yako, nawe utazame mikono yake.

Bibi sasa ana miaka 81. Kila alfajiri tunasikia komeo lake likigonga ukutani, naye hutuambia kabla hatujaamka kama leo majahazi yametoka au la.