Uliza Kabla ya Kuandika

Wazungumzaji wengi wa Kiingereza wanaitamka Iraki "Airak". Katika jina Qatar, ile q inayotoka kooni wanaigeuza k ya kawaida, na mji ambao Waarabu wanauita al-Qahira wao wanauita Cairo. Wapo wanaoliona hilo kuwa dharau. Mimi, mkaaji wa Kilo, mkoani Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, siwezi kuwahukumu haraka hivyo.

Hapa kwetu watu wanachimba dhahabu tangu mwanzo wa karne ya 20. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Kiswahili kiliingia pande hizi na misafara ya waungwana iliyofika Mto Ituri katika karne ya 19. Lakini pita kwa wanunuzi usikilize: wanasema "zahabu". Ghali nayo imekuwa "gali". Ndicho Kingwana chetu, Kiswahili cha huku, na sioni Mwarabu aliyedhulumiwa. Ulimi hufuata ulichozoea tangu utotoni, nao husamehewa.

Kalamu haisamehewi kirahisi, maana kilichoandikwa hukaa. Tazama teritwari yetu ya Djugu. Hiyo d ya mwanzo imewekwa kwa ajili ya msomaji wa Kifaransa, asije akaisoma j kwa namna ya kwao. Mswahili angeandika Jugu, yakaisha. Mto mmoja wa mpakani, Wabelgiji waliuandika Ubangi, Wafaransa wa ng'ambo wakauandika Oubangui. Kila mtawala aliandika kwa sikio lake.

Mfano unaoniuma zaidi uko kaskazini-magharibi mwa nchi. Kuna mto ambao Wangbandi waliuita Legbala. Mwaka 1976 ugonjwa mpya ulipozuka Yambuku, watafiti hawakutaka kukibebesha kijiji hicho jina la maradhi, wakachukua jina la mto jinsi walivyolikuta kwenye maandishi ya wageni: Ebola. Nia yao ilikuwa njema. Hata hivyo, dunia nzima inalitaja jina lililoharibika, na mto wa watu umegeuka jina la hofu. Sisi wa Ituri tulilisikia kwa karibu mno katika mlipuko wa 2018 hadi 2020.

Ile gb iliyopotea katika Legbala tunayo pia kwa jirani zetu wa Mongbwalu. Midomo inabana, nyuma ya ulimi inabana, kisha vyote vinaachia kwa mpigo mmoja. Mgeni hasikii kitu hapo, basi anaandika Mongwalu; mwingine anageuza o kuwa u, anaandika Mungbwalu. Namjua mama aliyerudishwa kwenye dirisha la ofisi moja kwa sababu kadi ya mtoto ilikuwa na mahali pa kuzaliwa palipoandikwa tofauti na kwenye cheti. Mtoto mmoja, mji mmoja, karatasi mbili zinazobishana, na nauli ya pikipiki imekwenda bure.

Nimeshuhudia pia kinyume chake. Kwenye mkutano mmoja, mgeni aliyekuwa akisoma orodha ya vijiji alifika kwenye jina lililomshinda, akaweka kalamu chini na kumgeukia mama mzee aliyekaa karibu naye. "Mama, nisaidie, ninyi mnasemaje?" Mama akalitamka polepole, mgeni akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Gb haikutoka sawasawa hata mwisho. Watu walimpigia makofi, na tangu hapo wazee waliokuwa kimya wakaanza kusema shida zao. Hawakumdai ulimi ambao hakuzaliwa nao. Waliona amewauliza wenye mahali.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoandika majina yetu, makarani, wauguzi, waandishi wa habari, wachora ramani, na sisi wenyeji tukishika kalamu kuandika vijiji vya jirani zetu: mkifika mahali, ulizeni wenyeji kwanza jina lao linaitwaje, ndipo muandike.